Roki ya zamani au indi: umtumie nini mtu aliyelala ndani na homa

Wiki mbili zilizopita nililala ndani siku sita na malaria, hapahapa Mtwara, chumba changu dirisha linaangalia uani kwenye mkorosho wa jirani, na siku zote hizo sita mdogo wangu, mtoto wa shangazi, yeye yupo Lindi anauza kwenye duka la dawa, akawa ananitumia nyimbo kwenye WhatsApp. Asubuhi moja, mchana moja, usiku moja, kama dozi. Na mimi nikipata nguvu ya kushika simu namrudishia za kwangu. Yeye ni mtu wa indi, mi ni mtu wa roki ya zamani tangu sekondari, tumebishana miaka na miaka nani ana muziki mzuri ila hatujawahi kubishana mmoja wetu akiwa amejifunika mablanketi mawili mchana wa jua kali anatetemeka, na nakwambia ukiwa na homa muziki unausikia tofauti kabisa. Kuna nyimbo nimezipenda miaka kumi na tano nikashindwa kuzimaliza, na kuna nyimbo zake nilizokua nazipita tu zikakaa na mimi mpaka kunakucha.

Sasa naandika hii kwa mtu ambae ana mgonjwa nyumbani au mbali anataka kumtumia nyimbo, au anaumwa mwenyewe yupo kitandani na simu ina chaji ya kutosha, achague vizuri. Maana nimegundua kuchagua vibaya kunaumiza kweli, sio maneno.

Kwanza tuelewane majina. Roki ya zamani naongelea zile bendi kubwa za Uingereza na Marekani kuanzia miaka ya 60 mwishoni mpaka 80 mwanzoni, Beatles, Led Zeppelin, Pink Floyd, Queen, Fleetwood Mac, Creedence, Dire Straits, hao. Indi ni kifupi cha neno la Kiingereza la kujitegemea, zilikua bendi zinazotoa kazi zao kwa lebo ndogo zisizo chini ya makampuni makubwa, mfano Rough Trade ya London ilianza kama duka la rekodi mwaka 1976 ikawa lebo mwaka 1978 ndo ikawatoa The Smiths. Baadae jina likahama kwenye biashara likaenda kwenye mtindo, siku hizi mtu akisema indi anamaanisha gita jepesi, sauti ya karibu, kitu kama kimerekodiwa chumbani, na mara nyingi kweli kimerekodiwa chumbani.

Kichwa kikiwa kinagonga

Siku mbili za kwanza nilikua nasikia mapigo ya moyo ndani ya sikio. Nilishapima, nimepewa mseto, vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na unaambiwa umeze na chakula chenye mafuta wakati huo chakula hutaki hata kukiona. Mtu akifunga mlango kwa nguvu natamani kulia. Jioni ya kwanza nikajiwekea mwenyewe Stairway to Heaven ya Led Zeppelin, ya mwaka 1971, kwa sababu najua inaanza taratibu, gita na filimbi tu, nikasema hii itanibeba mpaka nilale. Na kweli ikanibeba. Shida ni kwamba wimbo una dakika nane na dramu zinaingia zikishapita dakika nne na kitu, yaani palepale usingizi unapokuchukua ndo mpiga dramu wao John Bonham anaanza kazi, na kuanzia hapo hawashuki tena, wanapanda tu wanapanda mpaka gita linapiga ukelele kule mwishoni. Nilishtuka shuka limelowa jasho sijui nipo wapi.

Hili ndo jambo la kwanza la kulinganisha na kwangu ndo kubwa kuliko yote. Wale wazee walikua wanatengeneza wimbo kama safari ya kupanda, wanaacha nafasi kubwa sana kati ya pale pa chini na pale pa juu, na mtu akiwa mzima hiyo ndo raha yenyewe, unajua unapelekwa mahali. Mgonjwa hana miguu ya kupanda. Bohemian Rhapsody ya Queen vilevile, 1975, karibu dakika sita, unaanza na kinanda na sauti laini kabisa, inakuja ile sehemu ya kwaya kama ya opera, afu dakika ya nne magita yanakuja kwa pamoja. Na kuna moja nakuomba usimtumie mgonjwa hata iweje, Time ya Pink Floyd ya mwaka 1973, inaanza na saa nyingi zinalia kengele zote kwa mpigo, fundi sauti wao Alan Parsons alienda kuzirekodi kwenye duka la saa za kizamani, moja moja, ni kazi ya akili sana, lakini mtu mwenye homa akishtuliwa na zile kengele moyo unaweza kumtoka.

Mdogo wangu usiku huohuo akanitumia ya bendi ya the xx, ile ya kwanza kabisa kwenye albamu yao ya 2009, haina hata maneno ya kufuata, gita moja linarudia kitu kilekile, besi, ngoma ya mashine, dakika mbili tu imeisha. Akafuatisha na nyingine za humohumo ambazo msichana na mvulana wanaimba kama watu wanaoogopa kumuamsha mtoto. Hiyo albamu mwaka 2010 ilichukua tuzo ya Mercury kule Uingereza, na nilikua najua hivo lakini sikuwahi kuelewa kwa nini, niliona ni muziki haujamaliziwa. Kitandani nikaelewa, ile nafasi tupu walioiacha katikati ya vyombo ndo mahali kichwa changu kilipopata pa kukaa. Asubuhi akaja na Space Song ya Beach House, ya 2015, hao ni wawili tu kutoka Baltimore, kinanda, gita linateleza, sauti ya Victoria Legrand nzito taratibu, na kwa dakika tano na zaidi haipandi haishuki. Ukisinzia katikati ukiamka unaikuta palepale ulipoiacha.

Kwa hiyo kichwa kikiuma indi inashinda. Ila usiichukue jumla jumla. Siku ya pili mchana, nadhani aliona nimeanza kujibu meseji akajua nimepona, akanitumia Wake Up ya Arcade Fire, 2004, ambayo inaanza na gita zito na watu kibao wanaimba kwa nguvu zote kwa pamoja, nikaizima haijafika nusu dakika nikamwandikia mdogo wangu hapana, bado. Na upande wangu kuna Sultans of Swing ya Dire Straits, 1978, Mark Knopfler anapiga gita kwa vidole vitupu, kila noti unaisikia kavu safi, anaongea zaidi ya kuimba, sauti inakaa usawa mmoja karibu dakika sita zote. Ile niliimaliza siku ya kwanza na kichwa hakikulalamika. Na Wish You Were Here ya Pink Floyd, ya 1975, inaanza kama mtu anatafuta stesheni kwenye redio, kama redio ipo chumba cha pili, afu gita moja kavu linaingia kama kuna mtu kakaa karibu yako anapiga kufuatisha ile redio. Sasa mtu aliyelala peke yake saa tisa usiku, kusikia kama kuna mtu chumba cha pili, sijui nielezeje, inatuliza. Walikua wanamkumbuka mwenzao Syd Barrett, aliyeanzisha nao bendi akaugua akili ikabidi waendelee bila yeye, na siku moja ya Juni 1975 wakiwa studio wanarekodi albamu hiyohiyo akaingia, amenyoa kichwa mpaka nyusi, amenenepa, wenzake mwanzoni hawakumtambua. Mi nikisikiliza huo wimbo siwezi kuliondoa hilo kichwani.

Usiku wa homa, Neil Young na Bon Iver

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo nilipobadilika.

Usiku wa pili ndo ulikua mbaya kuliko yote. Umeme ulikatika saa nne, feni ikasimama, mbu, joto, na homa inapanda. Mama kaja na beseni na kitambaa ananifuta anaondoka anarudi. Simu ilikua na asilimia arobaini na kitu na nyimbo nilizokua nimeshazipakua zilikua chache, nikaenda kwa Neil Young, mwimbaji na mpiga gita wa roki ya zamani, albamu ya Everybody Knows This Is Nowhere ya mwaka 1969 aliyopiga na bendi ya Crazy Horse. Nilienda pale makusudi. Kuna habari yake ambayo mwenyewe ameieleza, kwamba nyimbo tatu za kwenye hiyo albamu, Cinnamon Girl, Down by the River na Cowgirl in the Sand, aliziandika siku moja akiwa kitandani na homa ya nyuzi 103 za kipimo cha Marekani, kwetu hiyo ni kama 39.4. Siku moja. Kalala na homa. Nyimbo tatu ambazo amezipiga jukwaani miaka zaidi ya hamsini baadae.

Nilikua nazijua zote kwa moyo ila sijawahi kuzisikiliza nikiwa na joto lilelile alilokua nalo yeye. Jamani. Down by the River ina dakika tisa na Cowgirl in the Sand inafika kumi, na sehemu kubwa gita linazunguka juu ya mafungu machache yaleyale ya noti, linaondoka linarudi, linajikwaa, linang'ang'ania noti moja kama mtu aliyesahau neno analirudia rudia, na mi nikawa nashangaa maana ndivyo mawazo ya homa yanavyokwenda, unafikiria kitu kimoja unazunguka nacho saa nzima hufiki popote. Yule mtu hakuandika kuhusu homa, aliandika kutoka ndani yake. Hata Cinnamon Girl ambayo ni fupi, dakika tatu, ile solo yake maarufu ni noti moja tu inapigwa mfululizo. Msichana wa mdalasini. Mama alikua ameniwekea chai ya mdalasini pembeni ya kitanda nikawa naisikia harufu yake wimbo ukipiga, hicho kitu sitakisahau.

Lakini niseme ukweli, haikunipunguzia. Ilikua kama kukaa na mtu mwenye homa mwenzio, unapata mwenzako wa kuelewana nae ila wote wawili mnaungua. Nilitoa spika za masikioni nimechoka zaidi.

Umeme ukarudi saa kumi na moja alfajiri, dozi imeshafanya kazi, jasho linatoka lile jingi ambalo ukiliona unajua homa inavunjika. Nikakuta meseji ya mdogo wangu ya usiku, "kaka ukiamka sikiliza hii, usijibu, sikiliza tu". Skinny Love ya Bon Iver, na baada yake albamu nzima ya For Emma, Forever Ago. Na hii nayo ina ugonjwa ndani yake. Justin Vernon, ndo Bon Iver mwenyewe, alikua Raleigh, North Carolina, bendi imevunjika, uhusiano umevunjika, akaugua ile homa ya tezi inayolaza watu miezi, na ini nalo likapata maambukizi. Alipoweza kuondoka akaenda kwenye kibanda cha baba yake cha kuwindia huko Wisconsin, majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, akakaa peke yake karibu miezi mitatu na vifaa vichache vya kurekodia. Albamu akaitoa mwenyewe mwaka 2007, mwaka uliofuata lebo ikaichukua ndo dunia ikasikia. Jina Bon Iver lenyewe limetoka kwenye Kifaransa, maana yake majira mema ya baridi.

Sasa weka hao wawili pamoja. Mmoja kaandika homa ikiwa juu, mwingine kaandika baada ya ugonjwa, mwili umebaki mtupu. Neil Young yupo na wenzake watatu, gita la umeme limekoroma, Vernon yupo peke yake anarekodi sauti yake juu ya sauti yake mara nyingi mpaka inakua kama kwaya ndogo ya mtu mmoja. Na kuna kitu kinachotusaidia sisi ambao Kiingereza sio lugha ya mama, Vernon kwenye hiyo albamu alianza na sauti tu, anaimba milio isiyo na maneno, afu ndo anatafuta maneno yanayoendana na ile milio. Kwa hiyo ukiwa hujayashika maneno hujakosa kitu, kichwa kinachotoka kwenye homa hakiwezi kufuata hadithi ila kinaweza kufuata sauti.

Nilikaa dirishani nimejifunga kikoi nasikiliza, nje jogoo, mwadhini, watu wanafagia uwanja, mkorosho unaanza kuonekana matawi. Kuchele, kama tunavyosema Mtwara. Nililia kidogo na sioni haya kuandika. Kwa miaka yote nilikua namwambia mdogo wangu hao watu wako wanalialia tu, na asubuhi ile nilimpigia simu sauti haitoki vizuri nikamwambia nilikosea. Akacheka, akasema "pole kaka, kunywa maji".

Kwa hiyo kama unamtumia mtu na unajua homa yake bado inapanda, Neil Young mpe tu kama ni mtu anayemjua na kumpenda tayari, la sivyo mwache. Bon Iver subiri jasho litoke. Ukimpa mapema ataona ni baridi juu ya baridi.

Na Comfortably Numb, wengi watataja hiyo, Pink Floyd, 1979. Roger Waters wa bendi hiyo kabla ya shoo moja Philadelphia mwaka 1977 alikua na maumivu ya tumbo daktari akamchoma sindano ya kutuliza, akapanda jukwaani mikono haimtii, wimbo ukatoka huko. Waters anaimba upande wa daktari, David Gilmour anaimba upande wa mgonjwa, na solo ya pili ya gita kwangu ni miongoni mwa vitu vizuri vilivyowahi kupigwa na binadamu. Lakini ni wimbo wa mtu ambae hayupo tena ndani ya mwili wake. Nilijaribu siku ya tatu nikaogopa. Hiyo niiweke ya watu wazima wenye afya.

Bando na urefu

Hapa haraka. Wimbo wa ubora wa kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, unakula kama MB moja kwa dakika, kwa hiyo Cowgirl in the Sand ni MB kumi na ile ya the xx ni mbili. Ukiwa na bando dogo au mtandao unasuasua indi inakupa nyimbo nyingi kwa MB chache. Ila mgonjwa pia hataki kushika simu kila dakika tatu kuchagua, na hapo roki ya zamani inasaidia, unaweka Shine On You Crazy Diamond ya Pink Floyd sehemu ya kwanza unapata dakika kumi na tatu na zaidi hujagusa kitu. Usimtumie video, mtumie sauti tupu, mwanga wa simu nao unaumiza macho ya mwenye homa.

Nyumba nzima inasikia

Kuna watu wanaumwa peke yao na kuna watu wanaumwa katikati ya familia, na sisi wengi ni hao wa pili. Siku ya nne nilitoka sebuleni, nimelala kwenye mkeka, nikaweka spika ndogo. Na hapa mambo yakageuka, roki ya zamani ikaanza kushinda.

Mama ni mtu wa Jim Reeves na Boney M, nyimbo za redio za enzi zake. Nikaweka Have You Ever Seen the Rain ya Creedence, dakika mbili na nusu na kidogo, wimbo ulianza akiwa jikoni akatoka na mwiko mkononi, "baba, huu naujua", hajui jina wala bendi lakini anaujua, akaimba ile sehemu ya kati bila maneno. Dreams ya Fleetwood Mac ikampita bila kumsumbua, akaanza kutingisha kichwa anapembua mchele, ile besi na ngoma zake zinakwenda sawa tangu mwanzo hadi mwisho, hata mgonjwa wa siku ya pili anaiweza. Nikamwambia mama hao wakati wanarekodi albamu hiyo ya Rumours, ya 1977, ndani ya bendi moja kulikua na mke na mume wameachana na wapenzi wameachana na wanaimbiana humohumo. Akasema "na bado walikuja kazini?" Ndio mama, walikuja kazini.

Nikamwekea Queen, nikamwambia huyu anaeimba, Freddie Mercury, kazaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake la nyumbani Farrokh Bulsara, wazazi wake walikua Waparsi, familia ikahamia Uingereza mwaka 1964. Hakuamini mpaka nikamwonesha. Tukaweka na Africa ya Toto, ya 1982, ambayo inataja Kilimanjaro na Serengeti kama vile vimekaa pamoja, David Paich, mmoja wa wawili walioiandika, alikua hajawahi kufika Afrika, lakini mama aliposikia Kilimanjaro alifurahi na mi nikafurahi nae.

Za mdogo wangu pale sebuleni nyingi hazikufanya kazi. Mama alisikiliza Beach House dakika moja akauliza kama spika imeharibika. Ule muziki umetengenezwa kwa ajili ya sikio moja, ukiuweka hewani katikati ya kelele za sufuria na watoto unayeyuka wote. Isipokua moja. Mjomba alikuja kutoka Mikindani kuniona, kaleta ming'oko kwenye mfuko, na nilikua nimeweka Cape Cod Kwassa Kwassa ya Vampire Weekend, ya 2008, vijana waliokutana chuo kikuu cha Columbia New York. Mjomba kasimama mlangoni hajakaa bado, "hilo gita la nani?" Maana yeye ni mtu wa Kanda Bongo Man, kwasa kwasa aliicheza akiwa kijana, anajua gita la Kikongo likipigwa hata likipigwa na Mzungu. Akakaa, tukairudia mara tatu, tukaishia kwa Kanda Bongo Man mwenyewe mpaka saa mbili usiku na mi nikala ming'oko, chakula cha kwanza kilichopita bila kujilazimisha.

Kwa hiyo kama mgonjwa wako yupo na watu, mtumie roki ya zamani zile fupi za wazi, Creedence, Fleetwood Mac, Beatles. Indi mpe ya masikioni.

Mwili ukianza kurudi

Siku ya tano na ya sita unaweza kusikiliza chochote na hapo ndo pa kushindanisha kwa haki. Here Comes the Sun ya Beatles, 1969, George Harrison aliiandika bustanini kwa rafiki yake Eric Clapton siku aliyokwepa vikao vya biashara vya bendi, dakika tatu za jua tupu, sijui wimbo mwingine unaofanana na kutoka nje mara ya kwanza baada ya kuumwa. Niliiweka nikiwa nimekaa barazani miguu juani. Now I'm Here ya Queen nayo, 1974, mpiga gita wao Brian May aliiandika akiwa hospitali, homa ya ini ilimkata katikati ya ziara yao Marekani wenzake wakaanza albamu bila yeye, na ukisikiliza lile gita unamsikia mtu anayetaka kuinuka kitandani kwa nguvu zote.

Mdogo wangu akajibu na Where Is My Mind? ya Pixies, ya 1988. Mwimbaji wao Black Francis alipata wazo akiwa anazamia bahari ya Karibi, kasamaki kadogo kanamfukuza. Nikacheka kwa sauti, kifua hakijauma, maana sisi wawili tulipokua wadogo tulipelekwa Msimbati tukavaa miwani ya kuzamia ya kuazima na kilichotupata ni hichohicho, samaki wadogo wanakuja usoni hawaogopi, yeye akatoka mbio majini. Alikua anakumbuka. Ndo maana kaituma. Na Wake Up niliyoizima siku ya pili niliirudia siku ya sita, nikaisoma, albamu inaitwa Funeral kwa sababu wanabendi kadhaa walifiwa na ndugu wakati wanaitengeneza, na ule ukelele wa pamoja uliokua unanipasua kichwa nikausikia ni watu waliotoka msibani wanashikana. Siku ya kupona kwangu hizo mbili, Here Comes the Sun na Wake Up, zinalingana, sina mshindi.

Namna ya kutuma nayo ina uzito wake. Mi nilimtumia mdogo wangu linki kumi na mbili kwa mpigo siku ya kwanza, alifungua mbili. Yeye alituma mojamoja na voisi fupi, sekunde kumi na tano, "hii kaka nimeisikiliza leo kwenye daladala nikakuona umelala". Unafungua. Lazima ufungue. Mtumie moja, mwambie kwa nini, usimuulize ameionaje, atakujibu akiweza.

Juzi jioni yeye ndo kaniandikia kutoka Lindi, mafua makali, kikohozi, amefunga duka mapema yupo chumbani kwake. Amepanga peke yake, hana mama wa kuingia na beseni. Nilikaa na simu mda mrefu kuliko kawaida. Nilifikiria Space Song, ni yake, anaijua, ingempendeza. Nikafikiria Bon Iver. Mwisho nikamtumia Wish You Were Here, kwa sababu ya ile redio ya chumba cha pili pale mwanzoni, nikarekodi na voisi, "mdogo wangu pole, sikiliza mwanzo wake kwa hedifoni, uone kama kuna mtu nyumbani". Saa sita usiku tiki zikawa bluu. Hakujibu, na asubuhi nikakuta ameniomba nimtumie nyingine.